Kuandika Programu za Kompyuta kama Ajira: Mambo Ambayo Vijana wa Dar Wanachanganyiwa

Mtu aliyekaa nyumbani kwake Tandika akilipa bili ya maji ya DAWASA kwa simu, anaingiza namba ya malipo, anaweka namba ya siri, na muda si mrefu ujumbe unaingia kwamba fedha zimepokelewa. Hapo katikati ombi lake limepita kwenye mfumo wa kampuni ya simu, likafika GePG, mfumo wa serikali wa kukusanya malipo ulioanza kutumika 2017, likahakikiwa kama namba ile ipo na inadaiwa kiasi gani, fedha zikahama, kisha mfumo wa bili ukaarifiwa kwamba deni limelipwa. Kila hatua ina mtu aliyeiandika. Kuna aliyetengeneza menyu inayoonekana kwenye simu, aliyepanga kanzidata, yaani ghala la taarifa za wateja, aliyeunganisha mifumo miwili isiyofanana, anayekesha ili seva, kompyuta zinazoendesha mfumo, zisizime, na aliyejaribu kuuvunja mfumo kabla wezi hawajaujaribu.

Hao wote huwekwa kapu moja, na ndiyo maana ushauri anaopewa kijana anayetaka kuingia kwenye fani hii unagongana. Mmoja anamwambia hesabu ni lazima, mwingine anasema wala hazihitajiki. Huyu anasisitiza shahada, yule anasema shahada ni kupoteza miaka. Inawezekana wote wanasema kweli, ila kila mmoja anaizungumzia kazi yake mwenyewe. Na swali linaloulizwa kuliko yote, nianze na lugha gani ya kuandikia programu, ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote. Kwa maoni yangu, kinachompeleka mtu kwenye ajira ni kuifikisha programu moja, hata ndogo, mikononi mwa mtu mwingine anayeitegemea kila siku. Anayefika hapo na lugha moja tu, tuseme PHP, ana nafasi nzuri kuliko aliyeonja lugha tano na hakumaliza kitu.

Kazi yenyewe ni ipi hasa

Tuchukue kikoba. Wanachama wanakutana kila wiki, wananunua hisa, wanakopa, wanarejesha na riba, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Katibu ana daftari lake na mambo yanakwenda. Siku moja wanaamua wanataka programu ya simu, wanamwita kijana wa mtaani anayesoma kompyuta. Kijana anafikiri kazi ni kutengeneza kurasa nzuri: ukurasa wa kuingia, ukurasa wa wanachama, ukurasa wa mikopo. Hizo anazimaliza kwa wiki chache. Kazi inaanza baada ya hapo.

Aliyekopa akirejesha kidogo kidogo, fedha yake inakata riba kwanza au inapunguza mkopo wenyewe? Faini ya kuchelewa inahesabiwa kuanzia siku ya kikao au baada ya wiki kuisha? Mwanachama akijitoa katikati ya mzunguko, hisa zake zinarudi zikiwa na faida au bila faida? Akifariki akiwa na mkopo? Katibu ana majibu ya haya yote kichwani, lakini hajawahi kulazimika kuyasema, na pengine mwenyekiti ana majibu tofauti. Programa ndiye anayelazimika kuyatoa hadharani, kwa sababu kompyuta haina busara ya kuamua papo kwa papo. Itafanya ilichoambiwa, na pale ambapo haikuambiwa kitu itasimama au, vibaya zaidi, itatoa jibu lisilo sahihi bila kumshtua mtu.

Halafu inakuja hesabu ya mgao. Shilingi 100,000 zikigawanywa kwa watu watatu wenye hisa sawa, kila mmoja anapata 33,333 na inabaki shilingi moja. Kwenye daftari hakuna anayeiulizia. Kwenye programu shilingi hiyo lazima iwe na mahali pa kwenda, la sivyo baada ya mizunguko kadhaa jumla ya vitabu haitalingana na fedha iliyopo kwenye akaunti, na wanachama wataanza kutazamana vibaya. Anayeanza anaweza kufikiri atapona kwa kutumia namba za desimali. Hapo anakutana na jambo linalowashangaza karibu wote: ukiiambia lugha ya kompyuta kama Python au JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Lugha haijaharibika. Kompyuta inahifadhi namba kwa sifuri na moja, na sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa njia hiyo, kama vile theluthi isivyokamilika kwa desimali zetu za kawaida. Ndiyo sababu wanaoandika mifumo ya fedha huhifadhi kiasi kwa namba kamili, kisha wanaandika kanuni ya wazi kuhusu mabaki.

Namba za simu nazo zina mtego wake. Mwanachama mmoja ataandikishwa kwa namba inayoanza na 07, kesho ataandikwa kwa 255, keshokutwa kwa +255, na programu itaona watu watatu. Ukizihifadhi kama namba za hesabu badala ya maandishi, ile sifuri ya mwanzo inapotea kabisa.

Sasa ongeza malipo ya simu. Mwanachama anabonyeza lipa, mtandao unakatika, haoni jibu, anabonyeza tena. Je, amelipa mara moja au mbili? Mfumo wa kampuni ya simu hautoi jibu la mwisho papo hapo. Unapokea ombi, unamtumia mteja ujumbe wa kuweka namba ya siri, kisha baadaye ndiyo unaiarifu programu yako matokeo. Kati ya ombi na taarifa hiyo lolote linaweza kutokea. Dawa yake inajulikana: kila muamala upewe namba yake ya pekee tangu mteja anapobonyeza mara ya kwanza, ili ombi lile lile likija tena litambuliwe kuwa ni lile lile. Hili ni jambo la mistari michache ya msimbo, yaani maandishi ya programu. Lakini mtu asiyelijua hafai kukabidhiwa fedha za watu, na anayeweza kulieleza kwa utulivu kwenye usaili anaonyesha kwamba amewahi kushika kazi halisi.

Nimekaa sana kwenye kikoba kwa makusudi. Sehemu kubwa ya kazi ya programa wa Dar es Salaam iko hapo: kumsikiliza mwenye tatizo, kuligawanya tatizo kwenye hatua ndogo zisizo na utata, kuziandika, kisha kukaa na hitilafu hadi ijulikane ilikotoka. Fundi cherehani mzuri anajulikana kwa anavyopima kabla ya kukata, na hapa ni hivyo hivyo.

Hesabu na Kiingereza

Kwa programu za biashara, shule, hospitali na maduka, hesabu zinazohitajika ni za kidato cha nne, tena si zote. Kinachohitajika zaidi ni kufikiri kwa mpangilio: kama hiki ni kweli na kile si kweli, fanya hivi, rudia hadi orodha iishe. Mambo hubadilika ukielekea kwenye kufundisha mashine kujifunza kutokana na data, usimbaji fiche wa kulinda taarifa au picha za mwendo. Huko takwimu na aljebra zinadaiwa kweli, na aliyezikwepa shuleni itabidi azirudie.

Kiingereza ni kikwazo kikubwa kuliko hesabu, na vijana wengi hawaambiwi hivyo. Maelezo ya lugha za kompyuta, ujumbe wa makosa na majadiliano ya mafundi duniani karibu yote yako kwa Kiingereza. Huhitaji kukizungumza kwa ufasaha. Unahitaji kusoma aya ya kiufundi polepole na kuielewa bila kukimbia. Kijana anayeona maandishi mekundu kwenye skrini na kuyafunga bila kuyasoma atakwama miezi mingi, hata awe na akili kiasi gani, kwa sababu mara nyingi jibu limeandikwa hapo hapo pamoja na namba ya mstari wenye kosa.

Lugha, kwa ufupi

Python iliyotolewa na Guido van Rossum 1991 inasomeka kwa urahisi na inafaa kwa data, mifumo ya nyuma ya tovuti na kufundisha mashine. JavaScript, ambayo Brendan Eich aliandika toleo lake la kwanza kwa siku kumi mwaka 1995, haikwepeki kwa yeyote anayegusa tovuti. PHP bado inabeba mifumo mingi ya kampuni ndogo za hapa. Kotlin, ambayo Google iliikubali rasmi kwa Android mwaka 2017, ni ya anayelenga programu za simu.

Chagua moja kati ya Python na JavaScript, ongeza SQL kwa ajili ya kanzidata, na Git ya kutunza historia ya kazi yako. Git ilitengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005 na leo timu nyingi zinadhani unaijua kabla hujafika. Baada ya hapo acha kuuliza kuhusu lugha kwa mwaka mzima. Ukishaijua moja vizuri, ya pili huchukua sehemu ndogo tu ya muda wa kwanza, kwa kuwa mawazo yaliyo chini yake ni yale yale.

Kazi ziko wapi Dar

Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kwa miaka mingi fani hii ilibaki ya watu wachache sana. Kizazi cha sasa kimekuta hali tofauti. M-Pesa iliingia Tanzania 2008. Mwaka uliofuata mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam kupitia baharini, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti peke yake. Fedha zilipoingia kwenye simu, kila anayekusanya fedha, kuanzia benki hadi shule ya msingi ya binafsi, alianza kuhitaji mfumo wa kuzitambua. Ajira nyingi za programa mjini zimefuata mkondo huo wa fedha.

Kwa hiyo waajiri wakubwa ni mabenki, kampuni za simu, bima, na kampuni za kati zinazounganisha malipo. Hao hulipa vizuri kuliko wengine na huchuja sana. Chini yao kuna kampuni ndogo za watu watatu hadi ishirini, zilizotawanyika Kijitonyama, Mwenge, Sinza na Posta, zinazotengeneza mifumo ya shule, famasi, SACCOS na hoteli. Mshahara wa kuanzia huko ni mdogo na majukumu ni mengi. Pamoja na hayo ndiko ningempeleka mdogo wangu kwanza, kwa sababu ndani ya mwaka atakuwa amezungumza na mteja, ameandika kanzidata, ameunganisha malipo na kurekebisha mfumo uliozima usiku. Kwenye shirika kubwa anaweza kukaa mwaka huo huo akigusa sehemu moja ndogo tu.

Serikali ina njia yake. Nafasi hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, kada ni Afisa TEHAMA, na usaili huenda kwa mchujo wa kuandika, vitendo, kisha mahojiano. Hapa cheti hakina mbadala: tangazo likidai shahada au stashahada, ustadi wa mtu asiyekuwa nayo hautaangaliwa kabisa. Na mifumo ya umma inahitaji watu wengi, hasa tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ilipoipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kusimamia eneo hilo.

Kuna uwanja mwingine usiosemwa sana, wa data za afya na ramani. DHIS2, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, ndio unaokusanya takwimu za vituo vya afya nchini, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kwa miaka mingi kuujenga na kuuendeleza. Ramani Huria, mradi wa ramani ulioanza 2015, uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi madarasani na kuwapeleka kwenye kata zinazofurika maji kuchora ramani ambazo yeyote anaweza kuzitumia. Miradi ya aina hiyo hutegemea ufadhili, huja na kuisha, lakini humwachia kijana uzoefu ambao dunia nzima inautambua.

Chuo au kujisomea

Anayemaliza kidato cha nne na kuwa na ufaulu unaotakiwa anaweza kuanza astashahada na kuendelea hadi stashahada kwa ngazi za NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi, kwa kawaida miaka mitatu, bila kupita kidato cha sita. Dar kuna DIT, Taasisi ya Teknolojia, pale Bibi Titi na Morogoro, IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, mtaa wa Shaaban Robert, kituo cha TEHAMA cha VETA Kipawa, na kwa shahada kuna CoICT, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kijitonyama. Kabla ya kulipa ada ya chuo chochote, hakikisha usajili wake NACTVET kwa vyuo vya ufundi au TCU kwa vyuo vikuu. Mzazi anaweza kuuza kiwanja kusomesha mtoto mahali ambapo cheti chake hakitatambuliwa, na hasara ya namna hiyo inaepukika kwa kuuliza tu mapema.

Chuo kinatoa mambo matatu ambayo kujisomea hakutoi kirahisi: msingi wa nadharia, mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi halisi, na marafiki watakaokuitia kazi miaka kumi baadaye. Ambacho mara nyingi hakitoi cha kutosha ni muda wa kuandika programu. Mwanafunzi anayeishia kwenye kazi za darasani huhitimu akiwa ameelewa mengi na kujenga machache, na usaili wa vitendo humwumbua.

Kujisomea nako kunawezekana kweli. CS50, kozi ya utangulizi wa kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, na masomo ya tovuti ya freeCodeCamp ni bure mtandaoni. Kompyuta mpakato iliyotumika ya Kariakoo yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inatosha kwa karibu kila kitu, ila kutengeneza programu za Android kutailemea kidogo. Asiye nayo anaweza kuanza Python kwenye simu, ingawa hatafika mbali bila kibodi. Bando linaisha haraka kwa video, hivyo pakua maelezo ya maandishi uyasome bila mtandao. Tafuta pia watu. Jengo la COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Kijitonyama lina kituo cha ubunifu cha Buni Hub, na mabinti wana Apps and Girls, shirika la hapa hapa Dar lililoanzishwa na Carolyne Ekyarisiima kwa ajili yao. Anayejisomea peke yake chumbani hukata tamaa kwenye hitilafu ambayo mwenzake angeimaliza kwa dakika tano.

Kwa anayeanza sifuri na kupata saa mbili kwa siku, naona mwaka mmoja ni matarajio ya haki kabla hajaanza kulipwa chochote cha maana. Anayekuuzia ahadi ya miezi mitatu anakuuzia kozi yake.

Akili bandia

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, wazazi wanauliza kama kuna haja ya kumsomesha mtoto kazi ambayo mashine inaifanya. Ni kweli kwamba mashine hizi zinaandika msimbo, tena haraka, na zile kazi ndogo alizokuwa akipewa anayeanza zinapungua. Sitaki kulipunguza hilo uzito. Lakini rudi kwenye kikoba. Mashine haikukaa kwenye kikao, haijui kwamba mwenyekiti na katibu hawakubaliani kuhusu faini, na ikiulizwa kuhusu mgao itatoa jibu la kujiamini hata kama ile shilingi moja haijahesabiwa. Anayeweza kusoma msimbo wake na kuona shimo atafanya kazi ya watu wawili. Asiyeweza atapeleka shimo hilo kwa mteja.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni mkali kidogo: miezi ya mwanzo andika kila mstari kwa mkono wako. Iulize mashine kwa nini kosa limetokea, ikueleze dhana usiyoielewa, ikupe mazoezi. Usiiombe ikuandikie. Uelewa unaoutafuta unajengwa kwenye zile saa ulizokaa na hitilafu, na mashine ikikuondolea saa hizo itakuwa imekuondolea somo lenyewe.

Ukianza kupata wateja

Wengi wa Dar huanzia kwenye kazi za kujitegemea: tovuti ya duka, mfumo wa ada wa shule ya jirani. Fedha hupotea hapa si kwa kukosa ustadi bali kwa kukosa karatasi. Andika, hata ukurasa mmoja, programu itafanya nini na haitafanya nini, malipo ya mwanzo ni kiasi gani, na mabadiliko ya baadaye yatatozwaje. Mteja anayesema "ongeza na hiki kidogo tu" hana nia mbaya. Hajui kwamba hicho kidogo kinagusa kanzidata nzima.

Ukihifadhi majina, simu na namba za vitambulisho vya watu, umeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na inakuhusu hata kama ofisi yako ni meza ya sebuleni. Usikusanye taarifa usizozihitaji, usihifadhi nywila kama zilivyoandikwa, na usibaki na nakala ya data ya mteja kwenye kompyuta yako baada ya kazi kuisha. Na jina la tovuti, liwe la .tz chini ya usimamizi wa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, au la kimataifa, lisajiliwe kwa jina la mteja na barua pepe yake tangu siku ya kwanza, ili siku mkiachana aweze kulihuisha mwenyewe bila kukutafuta.